Pistolé yenye ilienea mu mukono ya Germaine

Mulisoma wote. Ku Facebook, mu kila groupe ya WhatsApp ya Kisangani: «Polisi mwanamuke anapiga mwenzake lisasi, likambo ya wivu.» Mulitia na bivichwa ya kucheka. Mulipitisha kwa marafiki. Hakuna ata moja kati yenu alienda kuuliza.

Bon. Mi nilienda. Germaine iko mu prison, na haombi mumuhurumie. Nilimuuliza anataka nini, nikafikiri atasema avocat wa kumutetea, ao kutoka. Alisema: «Chantal aamini kama sikupiga bwana yake na mukono yangu. Hiyo tu. Miaka yenye balinipa nitaikaa.»

Chantal ni mujane ya Timothée, ule polisi mwenye alikufa. Donc habari yote ni hii: mwanamuke moja iko anangojea mwanamuke mwengine amuamini. Ingine yote yenye mulisoma ni upuzi.

Tuanze na mukono, juu kila kitu ilitokea mu mukono.

Germaine alizaliwa Yanonge, kijiji ya ku muto, mutoto ya batu ya mayi. Mama yake alikuwa anakuja na pirogue kuuzisha samaki ya moshi hapa mujini. Mikono yake ni midogo, vidole fupi, kiganja munene. Kwao hiyo haikuwa shida. Kafi ya kuvutia pirogue banachongaka kufuata mutu: mama iko na yake, mutoto iko na yake, na ukichukua ya mwengine utarudi na malengelenge. Akaingia mu polisi akiwa mutu mukubwa, akakuta kama kwa serikali hakuna kitu banachongaka kufuata mutu. Kofia kubwa, botte kubwa, pistolé kubwa.

Pistolé ya kwanza yenye balimupa, mupini yake ilikuwa munene kama chupa ya bière. Munacheka? Kamata chupa ya bière na mukono moja, halafu ujaribu kukunja kidole upande ya mbele. Kidole ya Germaine ilikuwa inafika ku gâchette, ile chuma ya kufyatulia, na kucha tu. Kusudi apige, ni lazima azungushe pistolé mu kiganja, na ikipiga inapapatika kama kuku yenye unashika muguu moja. Kila mazoezi lisasi yake inaenda kushoto, mu majani. Bakubwa bakasema banamuke habajui kupiga. Mukono yake, hakuna mutu aliiangalia.

Kazi yao, ye na Timothée, ilikuwa kulinda mulango ya comptoir moja, nyumba yenye banauzishiaka diama, ile almasi, hapa mu Makiso, katikati ya muji. Balikaa ku banc moja, kiti murefu ya mbao, asubui mpaka magaribi, miaka mingi. Timothée alikuwa mudogo kwake, mwanaume murefu, musemaji; alimuita yaya, ni kusema dada mukubwa. Batu ya avenue balibaita bibi na bwana ya banc, na Chantal mwenyewe alikuwa anacheka. Saa ya muchana njo ye alikuwa analeta chakula ya batu bawili, pondu ya majani ya muhogo, na samaki, na kwanga ya unga ya muhogo. Anaweka chini kati yao, anasema: «Yaya Germaine, unilishie huyu mutoto. Akibakisha, mwambie namurudisha kwa mama yake, kule Isangi.»

Siku moja, mwangaza kabisa, banaume bawili baliingia na mapanga mu sac. Germaine akatoa pistolé. Ikazunguka mu mukono. Lisasi ikaenda mu plafond, ku dari. Timothée akarukia ule wa mbele mikono mitupu, panga ikamukata ku bega. Makelele ya lisasi ikafukuza bale bezi, na Timothée akapona. Lakini alipotoka hospitali akakaa ku banc, bega yake mu bandage, akasema:

«Yaya, plafond ilikukosea nini?»

Germaine hakucheka.

«Nasema kweli. Mi siogopi bezi. Naogopa siku utapiga tena na mi niko kushoto yako.»

«Basi kaa kuume.»

«Yaya. Tafuta pistolé ya mukono yako. Kama haiko, uombe bakutie ku barabara upulize filimbi. Mi niko na bibi.»

Hiyo neno ilimuingia. Aliniambia alitembea nayo kama mutu anatembea na mwiba mu muguu.

Sasa musikie namna silaha inachaguliwaka kwetu. Ku dépôt, nyumba ya silaha, hakuna mutu anasema hii inakuenea, hii haikuenei. Silaha ikifika, bakubwa banachagua. Kisha banaume, kufuata miaka ya kazi. Kisha banamuke banapewa yenye inabakia. Ni desturi, kama nyama mu sahani: baba kwanza. Mutu ya dépôt, papa Carlos, mwanaume ya tumbo na mizaha, hakuanzisha hiyo desturi, aliikuta.

Mwaka ile balileta silaha yenye balinyanganya batu mu mapori, ya kila aina. Germaine akaingia wa mwisho. Akakamata ya kwanza, akapandisha kiganja juu kabisa nyuma ya mupini, akanyoosha mukono, akafunga macho. Alipofungua, akatazama kama ncha iko inaangalia fasi yenye macho yake inaangalia. Haikuangalia. Akarudisha. Ya pili, vilevile. Ya tatu, kidole haikufika.

«Mama, unachagua pistolé ao unachagua viatu?» Carlos akauliza.

«Viatu ikinibana, nani anakufa?»

«Haya. Lakini fungua macho, batu batasema nilifungua kanisa hapa.»

«Ile nyuma ya carton ni nini?»

«Ile? Ile ni ya bakoko. Ilikuja na Babelge. Mwanaume akiibeba, bezi batamupa bonbon kama mutoto.»

Akaikamata. Pistolé ndogo, nyeusi, mupini bapa. Mukono yake ikaizunguka yote. Kidole ikakaa ku gâchette na kiungo ya kwanza, pole, bila bega kuvuta. Akafunga macho, akafungua: ncha ilikuwa inaangalia sawasawa musumari ya ku mulango, fasi alikuwa anawaza. Aliniambia: «Nilisikia kama mutu ananisalimia kwa jina.»

Carlos akamuonyesha kitu moja tu. Pembeni kulikuwa kakifungo ka kuzuia isipige. Kutu ilikakula, hakageuki tena. «Haka kalikufa,» akasema, «lakini yenyewe inapiga, nilijaribu.» Ingine hakusema, juu ingine hakujua. Bazee benye bangejua balienda retraite, kazi iliisha, ao balikufa, na hakuna mutu aliona fasi balizika akili yao.

Balienda kuijaribu mu majani, mbali nyuma ya Simi-Simi. Timothée akapanga boîte ya tomate, makopo tupu, juu ya kisiki. Ya kwanza ikaruka. Ya pili. Ya tatu. Germaine akaangalia pistolé, kisha akaangalia mikono yake, upande ya ndani na upande ya inje. Mwanamuke wa kupita miaka makumi ine, na hii njo siku ya kwanza anajua kama hakukuwa mujinga. Ilikuwa tu mupini.

«Bon,» Timothée akasema, «kesho narudi kushoto.»

Kama ni mi naamua mambo ya dunia, habari ingeishia pale mu majani.

Lakini tuko Kisangani, na hapa mutu anatoka jasho akifunga kifungo ya shati. Ile mupini ilikuwa imelika na mikono ya miaka mingi, laini kama sabuni. Siku mbili ya jua tu, na pistolé ikaanza kuteleza mu kiganja. Na kwetu kitu ikiteleza, ao ikicheza, ao ikivuja, dawa ni moja: mupira ya toleka. Kwa mwenye haiko mutu ya hapa, toleka ni ile velo yenye inabebaka batu mu muji, na mupira ya ndani ya pneu yake ikichoka hatuitupi. Tunaikata mikanda, tunafungia jembe, kisu, robinet, kitanda ya mugonjwa, fimbo ya kilema. Mama yako alifungia bidon. Pengine we mwenyewe uko unasoma hii na waya ya chargeur ya telefone yenye mulifunga na ule mupira mweusi.

Germaine alienda kwa Bilali, mutengenezaji ya velo ku coin ya avenue yao. Bilali ni mutu ya zile familia ya zamani ya Baislamu, kofia nyeupe, mikono ya graisse, maneno kidogo. Alikuwa anamufungia vitu toka zamani. Germaine akatoa masasi, akamupa pistolé tupu.

«Mama Germaine, hii ni kitu ya serikali.»

«Na jembe yenye ulinifungia juzi ilikuwa ya nani?»

«Jembe haiendake tribunal.»

«Funga, papa Bilali. Inateleza.»

Bilali akakata mukanda murefu, akaanza kuzungusha. Kisha akasimama.

«Hapa nyuma ya mupini kuko kipande inacheza. Ukiifinya inaingia, ukiiachilia inatoka. Kama jino ya mutoto.»

«Ni ya zamani. Ilichoka.»

«Nifunge na yenyewe?»

«Funga yote. Isicheze.»

Akafunga yote. Akavuta na meno, akakaza, na mupini ikakamatika muzuri sana. Germaine akamushukuru, akaenda.

Sasa mi nawaambia kitu yenye nilisoma kisha, peke yangu, na méga ya internet ya bei ya mukate, kitu yenye kila mutu mwenye anagawanya silaha alipaswa kujua. Ile kipande haikuchoka. Ile kipande ni mulinzi. Pistolé ya aina ile, kama kiganja haifinyi nyuma ya mupini, haipigake, ata uvute gâchette mpaka kesho. Kakifungo ka pembeni kalikufa, donc ulinzi yenye ilibaki ilikuwa ile ya nyuma peke yake. Na Bilali aliivuta ndani na mupira, ikabaki ndani. Toka siku ile pistolé ilidhani mutu iko anaishika saa yote. Mupira ilikuwa inashika kwa nafasi ya mukono.

Musimulaumu Bilali. Munilete mutu moja ya Kisangani mwenye anaona kitu inacheza na anaiacha icheze.

Étui, ule mufuko ya pistolé ku kiuno, ilikuwa bado ile ya pistolé kubwa. Ile ndogo ilikuwa inaogelea ndani. Germaine akaifunga na kamba ku mukaba, isianguke. Na toka mambo ya mapanga alikuwa anaacha lisasi tayari ndani, juu siku ile alikosa wakati ya kujitayarisha.

Mvua ilikuwa imetoka kuisha. Chantal aliacha chakula kati yao, akatupa mizaha yake, akaondoka. Germaine akainama kufungua liboke, samaki ya kufunga mu majani. Pistolé ikateleza mu étui. Akasikia uzito inamutoka ku kiuno, akakamata kamba, akavuta upesi isigonge chini. Kamba ilikuwa imepita mbele ya gâchette. Mukono ku mupini, hakuna. Ikapiga.

Lisasi iliingia Timothée chini ya mbavu. Akasema «yaya». Akangoja, akasema tena «yaya», kama mutu anaita mwenye hasikii.

Gari haikukuwa. Balimuweka juu ya toleka, mwenye velo akisukuma, Germaine akikimbia pembeni mu matope, akishika kichwa yake isining'inie. Chantal hakukuwa amefika mbali. Aliona batu banakimbia, akasimamisha velo kusudi ajue ni nani balibeba. Kitu ya kwanza aliona ni bwana yake. Ya pili ni damu ku mikono ya Germaine. Ya tatu ni pistolé yenye inabembea na kamba ku kiuno yake.

Timothée hakufika hospitali.

Balimufunga Germaine siku ile ile. Pistolé ikarudi ku dépôt mbele ya kuenda ku tribunal, na papa Carlos akaisafisha. Alichukua kisu, akakata mupira yote, akatupa mu choo. Haiko mutu mubaya. Aliogopa tu bamuulize namna gani silaha ya serikali ilivaa mupira ya velo na ye alikuwa wapi. Alitaka irudi kwa bakubwa iko safi.

Basi mbele ya bajuge, bale ba kukata kesi, mutu moja wa silaha akakamata pistolé na vidole viwili tu, bila kufinya mupini, akavuta gâchette. Kimya. Akafinya mupini, akavuta. Tak. Akasema: «Bila mukono kufinya, hii silaha haiwezi kupiga.»

Ni kweli. Njo yenye inaniua, ni kweli.

Germaine akasema kulikuwa mupira. Bakamuuliza mupira iko wapi. Carlos akaangalia viatu yake. Nyuma mu salle batu bakacheka, mupira, ati mupira. Bakamuuliza nani aliifunga. Alikuwa na jina ku ulimi. Bilali iko na batoto, na kugusa silaha ya serikali ni kesi kamili. Akasema: «Mi mwenyewe.» Na pale njo hadisi ya wivu ikazaliwa, juu ilipaswa mukono iwe na sababu: alimutaka, alimukatalia, akafinya. Mulikula hiyo hadisi na pilipili. Chantal aliikula pia, lakini ye hakuikula na kicheko.

Bilali alisikia namna jina yake haikutajwa. Alikaa nayo, kisha akaenda prison siku ya visite.

«Nitaenda kwa bajuge,» akasema. «Nitasema ni mi.»

«Utaenda kufanya nini? Mupira haiko tena. Batakufunga pamoja na mi, na hakuna mutu atatoka. Kama unataka kunisaidia, enda kwa Chantal. Umuonyeshe.»

Kumuonyesha namna gani, hakusema. Bilali aliwaza kama mutu ya velo: frein, ile breki. Akamuelezea Germaine pale pale, kisha akatoka. Alisukuma velo moja mpaka mu parcelle ya Chantal, kiwanja ya nyumba yake, akamukuta anachambua pondu, nguo nyeusi, kitambaa nyeusi. Akapiga hodi, akapewa kiti, akakataa kukaa. Akafinya frein ya ku guidon, ku usukani ya velo, akaizungushia mukanda ya mupira, akakaza, akaachilia mikono.

«Mama Chantal, sukuma hii velo.»

Chantal akasimama, akasukuma. Magurudumu ikakataa.

«Nani iko anashika frein?»

Chantal akaangalia guidon. «Hakuna mutu.»

«Pistolé ilikuwa vile. Ni mi niliifunga. Germaine hakuishika, mama. Alikuwa anavuta kamba tu. Nikasirikie mi.»

Chantal akarudi ku kiti yake. Akakamata tena majani ya pondu, lakini hakuyakata.

«We, papa Bilali? We unafungaka kila kitu. Bidon yangu ni we ulifunga. Ile sapatu Timothée alikufa nayo ni we ulifunga. Nitakukasirikia namna gani?»

Bilali akapangusa mikono ku suruali.

«Ile hadisi ya wivu nilikuwa naifahamu. Nikiamka, namutukana Germaine. Nikipika, namutukana. Inanisaidia kusimama. Sasa unanileta mupira. Nitatukana mupira?»

«Donc unaamini.»

«Sikusema naamini. Usinitie maneno mu kinywa mu nyumba ya matanga.»

«Nitamwambia nini? Iko anangojea.»

Chantal akaangalia ile velo muda murefu, namna inasimama peke yake na frein imekamata. Kisha akasema pole, bila kasirani:

«Mwambie alimuua na mukono. Mwambie nitabaki na hiyo mpaka nitakufa. Na utoe hii velo mu parcelle yangu.»

Mukanda ilikuwa imekazwa sana, Bilali akakosa kuifungua. Akabeba velo ku bega mpaka inje.

Mutu mwengine angedanganya. Angesema mama Chantal analia, mama Chantal anakusalimia, atakuja. Bilali hajui kudanganya, na Germaine alikuwa anamujua. Siku ya visite akamuuliza akisimama, mbele ata ya salamu:

«Frein ilishika?»

«Ilishika.»

«Alisukuma mwenyewe?»

«Alisukuma mwenyewe. Aliona.»

«Alisema nini?»

Bilali akamwambia, neno kwa neno, mpaka ile ya mwisho.

Kando yao batu balikuwa banapeana sahani, banagombana juu ya chumvi, mutoto ya mutu alikuwa analia. Bilali alidhani atalia na ye. Hakulia.

«Kama hiyo njo inamusimamisha,» akasema, «muache nayo.»

«Mama Germaine, aliona na macho yake. Anajua. Nitarudi tena kwake, pengine mwezi ingine...»

«Usirudi kwake. Ukirudi, atakosa mutu ya kutukana, na mi nitakuwa nimemunyanganya mara mbili.»

Akamurudishia sahani yenye alimuletea, chakula ndani bado muzima, akamwambia apelekee batoto yake. Muda ya visite ilikuwa bado haijaisha. Alirudi ndani.